Kabla hujachomeka preamplifaya yako ya valvu

Juzi kijana mmoja aliniandikia kwa furaha: amepata preamplifaya ya valvu iliyotumika (chombo kinachokuza sauti hafifu ya gramafoni kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya, kwa taa za kioo ziitwazo valvu badala ya transista), imetoka Marekani, na jioni hiyohiyo anaichomeka. Nilimjibu kwa herufi kubwa: USICHOMEKE! Baadaye nikaona nimweleze vizuri, yeye na wote wenye kiu hii ya santuri, kwa sababu mimi ya kwangu niliichomeka.

Yangu ni Dynaco PAS-3, muundo wa miaka ya 1960. Ina valvu nne za 12AX7 za kukuza sauti, na ya tano, 12X4, ya kunyoosha umeme, yaani kuugeuza wa AC uwe DC. Niliisubiri miezi mitatu hapa Dar, na siku ilipofika hata chakula hakikupita. Nilijua kwamba inataka volti 120 na umeme wetu ni 230, kwa hiyo nikanunua transfoma ya kushusha pale Kariakoo, nikajiona nimemaliza. Nikawasha. Dakika mbili hazijaisha, harufu ya kuungua ikajaa sebuleni na mama watoto akawa anawatoa wanangu nje.

Kapasita za kuchuja umeme, yaani vile vikopo vinavyohifadhi chaji ndani yake, huharibika hata zikiwa zimelala tu. Zangu zilikuwa zimelala miaka mingi, nami nikazipiga umeme wote kwa mkupuo.

Nikaipeleka kwa fundi. Alinicheka mbele ya wateja wake, akasema nimenunua chuma chakavu. Akachukua elfu arobaini yangu, akanirudishia ikiwa mbovu vilevile na valvu moja si ile niliyompelekea. Mpaka leo sipiti mtaa ule. Lakini hapo ndipo nilipoapa kujifunza mwenyewe.

Miezi ya lehemu na moshi wake nairuka. Shika hili: mara ya kwanza, unganisha balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60, kwa mfululizo kwenye waya wa umeme, yaani umeme wote upitie kwenye balbu ndipo ufike kwenye chombo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, una matumaini. Na usiingize mkono ndani kwa sababu tu umechomoa. Kapasita hubaki na umeme, na humo kuna karibu volti 300. Pima kwa mita kwanza.

Ilipowaka salama, ikaanza kunguruma, mmmm, usiku na mchana. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha valvu, nikakata tamaa. Kumbe transfoma ya Kariakoo nilikuwa nimeiweka ubavuni mwake! Sindano ya gramafoni hutoa milivolti 5 hivi, kwa hiyo chochote kinachoingia hapo hukuzwa pamoja na muziki. Niliisogeza transfoma mita moja na nusu, mngurumo ukakatika. Wiki tatu za mateso, dawa ni kusogeza kitu.

Spika ya kulia ikibaki inakwaruza, zima, subiri zipoe, badilishana zile valvu mbili za gramafoni. Kelele ikihamia kushoto, umeshamjua mwenye kosa.

Ndugu zangu, haraka ndiyo inayoua vyombo hivi. Tunapenda kuwasha kabla ya kutazama. Washa preamplifaya kwanza, ipe dakika nzima, ndipo uwashe amplifaya. Ukizima, amplifaya itangulie. Na soma ukinzani wa kiingilio cha amplifaya yako, ule unaopimwa kwa omu. Yangu ya transista ilikuwa ya kilo-omu 10, besi ikapotea kabisa, nikailaumu sindano bure. PAS-3 inataka mzigo mwepesi, yaani ukinzani mkubwa, na kilo-omu 100 inaridhika nayo.

Jumamosi iliyopita niliazima amplifaya ya namna hiyo. Nikaweka santuri ya Western Jazz aliyoniachia baba, ile yenye mkwaruzo pembeni. Gitaa la besi likaingia. Mama watoto akatoka jikoni, mikono ina unga, akakaa mpaka upande ukaisha, akaniambia niigeuze.