Re: Sinapsi zimevimba kwenye hadubini ya elektroni, tatizo nini?

Habari mkuu. Nimekuelewa: unatoa ubongo wa panya, unautumbukiza kwenye glutaraldehaidi (dawa ya kukaza tishu isiharibike), halafu picha zinaonyesha sinapsi (sehemu seli za neva zinapokutana) zilizovimba na utando wa seli uliokatika.

Anza na hapo kwenye kutumbukiza. Glutaraldehaidi hupenya polepole mno, na ubongo huanza kuharibika dakika chache tu baada ya damu kusimama. Badala yake, ipitishe kwenye moyo ili damu iipeleke njia yake hadi kwenye ubongo, panya akiwa kwenye usingizi mzito wa dawa na moyo bado unadunda. Sindano iingie ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo), toboa atiria ya kulia (chumba cha juu) ili damu itoke, sukuma maji ya chumvi hadi ini lipauke, kisha paraformaldehaidi (dawa nyingine ya kukaza tishu) 2% na glutaraldehaidi 2.5% kwenye bafa ya fosfeti (maji ya kutunza pH) 0.1 M, pH 7.4. Maji yakitoka puani, yameelekea mapafuni. Rudisha sindano nyuma kidogo. Ubongo ukitoka laini na wa waridi, dawa haijaukaza, usijisumbue kuukata.

Kagua na chupa yenyewe. Kwa joto la Dar na umeme kukatika, glutaraldehaidi ikigeuka njano imeharibika, mwaga kwa utaratibu wa maabara.

Baada ya hapo, loweka vipande vya ubongo kwenye osmiamu (osmiamu tetroksidi, inayokaza utando na kuutia rangi) 1%, saa moja, vipande visizidi milimita 1. Osha fosfeti yote kabla ya yuranili asetati (rangi ya kuonyesha seli kwenye hadubini), la sivyo utapata madoa meusi kwenye picha.