Alumini juu, chuma chini

Ndugu, umeuliza kama kidhibiti chako cha michezo ya akedi (kisanduku cha vitufe cha kuchezea michezo ya video) ukitengeneze kwa chuma au alumini, na matundu yawe na upana gani. Uso wa juu uwe alumini ya milimita 3. Mafundi wa Katwe, mjini Kampala, wataikata bila taabu. Chuma kiweke chini, uzito wake uzuie kuteleza mezani.

Vitufe vya Sanwa, kampuni ya Kijapani, ni vya milimita 30 na 24, basi matundu yawe na upana huo huo. Fundi asitoboe kwa keekee kubwa, bamba litararuka. Atumie msumeno wa kutobolea matundu (hole saw), polepole, na mafuta kidogo, kisha apige tupa kingo. Mpangilio ujaribu kwanza kwenye kadibodi. Kadibodi ni bure, alumini si bure!

Saketi ya USB, inayopeleka mibonyezo ya vitufe kwenye kompyuta, isiguse bamba, maana chuma na alumini hupitisha umeme. Iinue kwa vikalio vya plastiki, la sivyo vitufe vitajibonyeza vyenyewe.