Dada wa Bagamoyo, usinyunyize hiyo sabuni ya unga

Dada yangu, tafadhali usinyunyize leo. Umeandika kwamba umekoroga vikombe viwili vya sabuni ya unga na mafuta ya taa katika ndoo ya lita 10, na kwamba unangoja jua likolee ndipo uzipige kunde zako zilizojaa vidukari, yaani wadudu mafuta. Ndoo kama hiyo niliibeba mimi hapa Makorora, Tanga, na ninaijua gharama yake.

Nilikuwa na matuta sita ya kunde nyuma ya nyumba. Wadudu mafuta weusi walikuwa wamezifunika ncha changa na vikonyo vya maua hata rangi ya kijani haionekani, na majani ya chini yalikuwa yananata kwa ule umajimaji mtamu wanaoutoa. Katikati yao walitembea vijidudu vingine virefu, vyeusi, vyenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo. Nilikata tawi nikampelekea muuza duka la pembejeo, naye akaniambia bila kusita kwamba hao wenye madoa ndio wanaoimaliza mboga, na kwamba nipige sabuni ya unga nzito saa sita mchana ili jua liwamalize watakaosalia. Nikatii. Jioni ile majani yalikuwa yamelegea kama yaliyochovywa katika maji ya moto. Siku ya tatu kingo zake zilikuwa za kahawia na zinavunjika zikiguswa, maua yakapukutika yote, na msimu ule sikuvuna hata kibaba kimoja.

Wale mamba wadogo, dada yangu, ni watoto wa wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na kila mmoja hula vidukari kwa mamia kabla hajakua. Niliwaua walinzi wangu kwa mkono wangu. Sabuni humuua mdudu inayemgusa tu, kwa hiyo vidukari waliojificha chini ya majani walipona. Na kwa kuwa jike la kidukari huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai ambao katika joto letu la pwani huanza kuzaa wenyewe baada ya wiki moja hivi, hazikupita wiki mbili kabla machipukizi machache yaliyosalia hayajawa meusi tena, na safari hii hapakuwa na wa kuwala.

Yule muuzaji ninamlaumu mpaka leo. Mtu anayekula kwa kuuza dawa za mimea ana wajibu wa kumjua mdudu aliyewekewa mezani, na kama hamjui, aseme hamjui; mkulima anayemwendea anaweka mbele yake chakula cha nyumba yake.

Kwa hiyo ninakusihi ushike jambo hili moja: geuza jani kabla hujanyunyiza chochote. Ukiwaona mamba wadogo, au funza wasio na miguu wanaojikokota kati ya vidukari, au vidukari waliovimba na kukauka wakiwa na rangi ya mkate, acha dawa kabisa. Wale waliokauka wameliwa kwa ndani na nyigu mdogo sana, na ukitazama kwa makini utaona kitobo cha duara mgongoni alikotokea. Hapo tumia maji matupu, uyarushe kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, asubuhi, siku mbili tatu mfululizo. Wakiwapo sisimizi wanaopanda na kushuka shinani, kivuruge kiota chao, kwa maana huwalinda vidukari ili wanywe ule utamu.

Usipomwona mlinzi hata mmoja, kwangua sabuni ya mche kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, bila mafuta ya taa, ujaribu mche mmoja wa kunde jioni na ungoje siku mbili kabla ya kugusa mingine. Mwarobaini nao unafaa, ila jioni vilevile, kwa sababu jua huuvunja nguvu upesi.

Kesho alfajiri, kabla umande haujakauka, geuza majani matatu ya kunde zako, kisha utuandikie hapa ulichokikuta upande wa chini.