Maswali ya Wasomaji: Injini na Gia za Pikapu za Zamani

Barua tulizopokea mwezi huu zimetoka zaidi kwa wenye pikapu ambazo zimekwisha kutumika miaka ishirini, thelathini na kupita. Nimechagua nne, na katika tatu kati yake nimeona jambo lile lile: watu wanataka kufungua au kubadilisha kitu kabla ya mtu yeyote kulipima gari.

Nina Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L. Kwenye barabara tambarare haina shida, lakini nikipakia saruji nikapanda kilima cha Mazeras, sindano ya joto hukaribia alama nyekundu. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, vali inayoyaachia maji ya injini yaende kwenye rejeta, akisema kuwa kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Wa pili anataka kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nimfuate yupi? (Msomaji, Kisauni)

Kwa sasa usimfuate hata mmoja, na badala yake nijibu swali hili: rejeta yako, kile kipozea maji ya injini, huitia maji gani? Wengi wetu upande wa Kisauni tunatumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi ambayo ulimi huitambua mara moja. Maji hayo yakichemka na kupoa siku baada ya siku, huacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta na kuzunguka silinda, kama ule unaouona ndani ya birika la chai, huku chumvi yenyewe ikiendelea kula chuma cha pampu ya maji. Kwenye tambarare mirija michache iliyosalia wazi hutosha kuipoza injini, lakini kilimani, ambako gari hubeba mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo na upepo wa mbele ni haba, kasoro iliyokuwa imejificha hujitokeza. Dalili uliyoieleza inalingana na rejeta iliyoziba kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu thamostati, fundi wako wa kwanza amekosea, ingawa kosa lake ni la kawaida mno hapa Pwani. Kifaa hicho huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na joto la Mombasa, hata likifika nyuzi 33, liko mbali sana na kiwango hicho. Isitoshe, katika baadhi ya injini thamostati hiyo hiyo ndiyo huifunga njia fupi inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita katika rejeta, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji hayapozwi kabisa. Irudishe.

Baada ya hapo, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kizibo cha rejeta, washa gari na utazame shingoni. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, mipira inayopitisha maji kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni ishara kwamba gasketi, kizibio kilicho kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua au hedi imepasuka, na hapo fundi wa pili atakuwa na haki. Hedi za 2L hazivumilii joto la kupita kiasi, kwa hiyo usiendelee kupanda Mazeras kwa matumaini. Usipoyaona hayo, peleka rejeta ikafunguliwe na kuzibuliwa, kagua kiungo cha feni (injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inayozunguka kwa urahisi mno ukiisukuma kwa kidole imekwisha), kisha ununue kizibo kipya. Wengi hukidharau kizibo, ilhali chenye shinikizo la kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba hufanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 119. Mwishowe jaza maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Kulanti si dawa ya barafu pekee. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu.

Na ukiona sindano imepanda kisha ikashuka ghafla, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na kipimo kimebaki hewani.

Peugeot 504 yangu ya pikapu, ninayobebea nazi kutoka Kaloleni hadi Kongowea, inasaga gia ya pili, hasa asubuhi. Nimeshauriwa kutia oili nzito ya namba 140 ili kelele zipungue. Je, ni sawa? (Mfanyabiashara wa nazi)

Si sawa, na kwa gari lako ni kosa maradufu. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, na pete hizo hufanya kazi kwa kuikwangua oili iliyo juu ya koni, yaani shingo ya gia iliyochongoka, na kuishika koni hiyo kwa msuguano. Oili ikiwa nzito kama asali, pete haifiki kwenye koni kwa wakati, na meno hugongana. Ndiyo maana gari husaga asubuhi na kutulia linapopata joto. Gia ya pili huchakaa mapema kwa sababu mtu anayeendesha mjini huitumia kila mara, kupanda na kushuka.

Jambo ambalo mafundi wengi wa siku hizi hawalijui ni kwamba giaboksi ya 504 ilitengenezwa itumie oili ya injini, wala si oili ya gia. Mwaga iliyomo, na ukiikuta nzito na yenye harufu kali ya salfa, umempata mshukiwa wako. Oili za gia za daraja la GL-5 zina dawa ya salfa inayofaa kwa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, lakini baadhi yake hushambulia shaba.

Kabla ya kumwaga, hata hivyo, fanya jaribio lisilogharimu hata senti. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka tano, kisha tia gia ya kurudi nyuma. Ikisaga, klachi haiachi sawasawa, na ugonjwa uko katika silinda ndogo ya klachi au hewa iliyoingia kwenye mafuta yake, wala si katika giaboksi.

Klachi yangu haimalizi mwaka. Navuka Likoni kila siku. (Dereva, Mtongwe)

Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mteremko wa kuingia feri huwa mkali, na madereva wengi hulishikilia gari kwa klachi wakingoja waliotangulia wasogee, na hilo ndilo huila klachi. Tumia breki ya mkono.

Nataka kubadilisha injini yangu ya lita mbili, 2L, niweke ya lita tano, 5L. Je, giaboksi itaingia? (Msomaji, Changamwe)

Kwanza tuondoe dhana. Namba hizo hazihesabu lita. Zinaonyesha hatua za ukoo mmoja wa injini za Toyota. 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779, na 5L ina 2,986, yaani haifiki hata lita tatu. Kwa kuwa ni za ukoo mmoja, giaboksi yako hushika bila kutengeneza kiungo kipya, lakini ichukue 5L pamoja na pampu yake ya dizeli, na ukague rejeta kama tulivyoeleza hapo juu.

Mkanda wa taimingi, unaozifungua vali kwa wakati wake, badilisha kabla injini haijaingia garini, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya, kwa sababu ukikatika, vali hugonga pistoni. Halafu linganisha namba iliyochongwa kwenye bloku na ile iliyo katika hati za ununuzi kabla hujalipa, kwani mabadiliko ya injini lazima yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, na namba isiyolingana itakukwamisha huko ukiwa umekwisha kutoa fedha.