Printa imegoma baada ya kuapdeti, tumlaumu nani?

SWALI: Mwangaluka kaka. Mi nina steshenari ndogo hapa Kirumba, njia ya kwenda Mwaloni, natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu za mtandaoni. Mwezi wa tano fundi alinipigia Linux, yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwenye mashine zote mbili, akasema hii aina ya Linux inayoitwa Debian haina hela ya leseni, na kweli miezi miwili nikakaa raha mustarehe. Sasa wiki iliyopita nimenunua bando nikaapdeti usiku, asubuhi nafungua duka printa haionekani kabisa kwenye mashine zote mbili, na huu ndo msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo, vijana wamejaa mlangoni, siku nzima nikawa nawapeleka kwa jirani. Fundi anasema hayo makosa ni kawaida, wanaotengeneza wanajitolea tu hawalipwi. Sasa kaka, kama wanajua ina makosa kwanini wanaitoa? Nirudi kwenye mfumo wangu wa zamani au nivumilie?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Pole sana dada yangu, siku ya wateja ikipotea hairudi. Nilikuomba uandike cat /etc/debian_version, amri ya kuonyesha una toleo gani, ukanitumia picha, imeandika forky/sid, yaani majina ya matawi ambayo bado hayajatolewa rasmi. Shida yote iko hapo. Kompyuta yenye toleo thabiti, wenyewe wanaita stable, ingekuonyesha namba tu, 13 nukta kitu fulani. Fundi wako amekupigia tawi la testing au la unstable, yaani yale ambayo bado wanayajaribu, sijui kwanini, labda alitaka vitu vipya, ila kwa mtu anayekula kwa printa hayo sio matawi yake.

Jinsi wanavyofanya ni hivi. Debian ipo tangu 1993 na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Programu mpya inaingia kwanza tawi la unstable, inakaa siku chache, kati ya mbili na kumi hivi, isipoonekana na kosa kubwa jipya inavuka kwenda testing, alafu ukifika wakati wa kutoa toleo wanafunga mlango hatua kwa hatua, mpaka hakuna kuingiza mambo mapya, ni kuziba makosa tu. Kwa Debian 13 kufunga huko kulianza Machi 2025 na toleo likatoka Agosti 9, miezi karibu mitano! Kwahiyo hawajakutolea kitu kibovu makusudi. Wewe umekaa ufukweni unajua, mtumbwi haupakiwi magunia ya dagaa siku ileile unatoka kwa fundi, unawekwa kwanza majini mtupu uonekane unavuja wapi. Wewe umepakiwa kwenye mtumbwi ambao bado wanautazama.

Kuhusu kujitolea, hapo sikubaliani na fundi kabisa, maana anaongea kama vile mtu asiyelipwa lazima afanye kazi mbovu. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh, programu ya kazi hiyo, kunachelewa kama nusu sekunde, mwingine angepuuza, yeye akafukua mpaka akakuta kuna mtu kapandikiza mlango wa wizi ndani ya XZ, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Hiyo XZ kwa miaka mingi ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja tu, anajitolea, na watu walikuwa wanamsakama kwamba anachelewesha matoleo, mpaka akakubali msaidizi, na huyo msaidizi ndo akaja kuupandikiza. Ule mlango ulishafika unstable na testing. Stable haikuguswa. Ndo maana mi nikisikia mtu anawafokea watu hawa wafanye haraka naumia kweli.

Sasa cha kufanya. Usijaribu kuishusha hiyo uliyonayo iwe stable, njia hiyo haina uhakika, utaharibu zaidi. Hamisha mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje, uyafungue kwenye kompyuta nyingine uone yapo kweli, alafu fundi apige upya Debian 13. Ila kabla hajafuta naomba kitu kimoja, fungua /var/log/apt/history.log, mle kuna orodha ya kila kilichobadilika usiku ule, inakili. Andika aina ya printa, siku ya mwisho ilipofanya kazi, na maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo, watumie Debian kwa reportbug, programu yao ya kuripoti makosa, au kwa imeili ya kawaida, akaunti ya kufungua hakuna. Ukiandika tu "printa haifanyi kazi" hawatakuwa na pa kuanzia, lakini ukiwapa ile orodha unaweza kumwokoa mwenye steshenari mwingine toleo lijalo likitoka.

Na kuanzia leo usiapdeti mashine zote mbili usiku mmoja. Moja kwanza, iprinti siku mbili tatu, ndo uende ya pili.

SWALI: Kaka, kuna jamaa anasema hiyo stable programu zake za zamani hivo sio salama. Ni kweli?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Hapana ndugu yangu. Namba inabaki ya zamani lakini ndani wanaziba. Wanachukua kile kiraka cha usalama peke yake wanakishonea kwenye toleo lilelile, bila kuleta mambo mapya yanayoweza kuvunja kingine. Wanafanya hivo miaka mitatu, alafu kuna kundi linaendelea mingine miwili, jumla mitano. Firefox yenyewe wanaisogeza mbele kwa toleo lake la muda mrefu. Jamaa akibisha mwambie afungue rekodi ya mabadiliko ya programu iliyowahi kuzibwa, matundu ya usalama yameandikwa mle na namba zake za CVE, yaani namba ya kutambulisha kila tundu.