Mafuta ya samaki, manjano na chai ya kijani: vinasaidia tishu ya mafuta?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, uzito kilo 94, kiuno sentimita 106. Sukari yangu iko sawa, ila ultrasaundi imeonyesha ini lina mafuta. Nimesoma kwamba kwa mtu mnene tishu ya mafuta hupata uvimbe wa ndani unaoleta kisukari. Nimeshauriwa ninywe vidonge vya mafuta ya samaki, manjano na chai ya kijani ili kuuzuia. Vinafanya kazi kweli?

JIBU: Marahaba dada. Ulichosoma ni kweli. Mafuta ya mwilini si ghala tu, ni kiungo hai kinachotoa homoni. Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi hutanuka mpaka oksijeni haiifikii vizuri, na nyingine hufa. Hapo seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kusafisha, huizunguka ile seli iliyokufa, kisha hubaki zikimwaga kemikali za uvimbe kama TNF-alfa. Kwa sababu ya kemikali hizo, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ikibisha hodi, seli haziitiki. Mafuta yanayokosa nafasi huingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye ini. Hayo ndiyo ultrasaundi iliyoyaona kwako.

Tuje kwenye vidonge. Omega-3, yaani mafuta yanayotafutwa ndani ya mafuta ya samaki, ina ushahidi mzuri kuliko wenzake, lakini geuza chupa usome nyuma. Mbele wameandika 1000 mg kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, mara nyingi utakuta aina zake mbili: EPA 180 mg na DHA 120 mg. Yaani omega-3 unayoitafuta ni 300 mg tu, yaliyobaki ni mafuta mengine. Kinachoshusha trigliseridi, aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu, ni gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku, sawa na vidonge 7 hadi 13 vya aina hiyo! Na dozi kubwa hivyo ni ya kupangiwa na daktari, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Tena kushusha trigliseridi si kutibu tishu ya mafuta. Kwa panya uvimbe ule hupungua vizuri. Kwa binadamu majibu yanagongana.

Manjano weka kwenye mchuzi. Kurkumini, kiini chake kinachosifiwa, hufyonzwa kidogo mno, ndiyo maana watengenezaji huchanganya na piperini ya pilipili manga, na wapo watu walioumia ini kwa vidonge vya namna hiyo. Chai ya kijani kikombeni haina neno. Kidonge chake kilichokolezwa ndicho ninachokukataza: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa EGCG, kiini cha chai ya kijani, ya 800 mg au zaidi kwa siku inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini linaumia. Ini lako tayari lina mzigo.

Inaniuma kuona pesa ya mboga ikiishia kwenye chupa hizi, maana kinachoipunguza ile seli ya mafuta yenyewe kinajulikana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulichukua watu waliokuwa wanakaribia kisukari. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Kwako asilimia 7 ni kilo 6 na nusu hivi, na mafuta ya ini nayo hupungua uzito ukishuka.

Anza na soda na juisi za sukari, ziache kabisa. Vibua au dagaa, mara mbili kwa wiki, vya kuchemsha au kuchoma, visizame kwenye mafuta. Mwombe daktari wako akupime trigliseridi na ALT (kimeng'enya cha ini) sasa, kisha arudie baada ya miezi mitatu.

Kama vidonge vya chai ya kijani umeshaanza kuvinywa, viache leo. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi au macho yana umanjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo na chupa uibebe.