Barua kwa mwanangu: kwa nini nilizitoa masikioni siku ile

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma juzi usiku, nikaisoma tena asubuhi. Umeniuliza mbona siku ile tumekaa wote sebuleni nilizitoa mashine za masikio zinazonisaidia kusikia nikazitia mfukoni, na kama ndo nimeshakata tamaa nazo. Nilianza kukupigia nikaacha, maana najijua, ningesema "niko sawa mama" halafu yangeishia hapo hapo. Ndo maana naandika.

Sijakata tamaa. Nilizitoa kwa sababu nilichoka, na kuna sababu ya pili ambayo ntaifikia, ila kwanza kuna deni nataka nikulipe.

Unakumbuka ile siku unarudi kutoka masomoni ukaniambia kwenye simu nije kukupokea stendi saa sita? Nikafika saa tisa. Ulikuwa umekalia begi lako masaa matatu, simu imekuzimikia, halafu unamwona baba anakuja taratibu kama mtu asiye na habari, ukaniuliza nini kimetokea nikakujibu nilisahau. Sikusahau mama. Nilisikia saa tisa. Angalia hayo maneno mawili, sita na tisa, irabu ni zile zile i na a, na hizo nilizisikia vizuri kabisa, kilichopotea ni s na t, basi kichwa kikajaza chenyewe kikajaza vibaya. Na wakati ule nilishajua masikio yangu yana shida, ila niliona bora mwanangu aniite msahaulifu kuliko aniite kiziwi. Hilo limenikaa miaka yote hii. Naomba unisamehe.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndani yake kuna jibu la karibu kila kitu ulichouliza. Watu wanadhani asiyesikia ni kama redio iliyopunguzwa sauti, kwamba ukiongeza tu yamekwisha. Kwangu haiko hivo. Mi nasikia kwamba mtu anaongea, nasikia hata kama ana hasira au ana furaha, ila maneno yanakuja yamemeguka. Irabu zina sauti nzito na zina nguvu, zile herufi nyembamba kama s, f, sh, t, k zina sauti ya juu na ni dhaifu, na ndo hizo zinazobeba maana. Ukiniambia "nimefika" naweza kupata "nimeshika" au "nimepika" yote yanaingia sawa, inabidi niangalie mdomo wako, niangalie tunaongelea nini, nibahatishe, na wakati nabahatisha neno la kwanza wewe umeshafika la kumi.

Yule mtaalamu wa usikivu alinieleza kwa nini. Sikio la ndani limejikunja kama konokono, na humo mna vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kama 15,000 hivi kila sikio, ndo vinapokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye neva. Vya sauti nyembamba viko mlangoni kabisa, na mara nyingi ndo vinaanza kufa. Na kwa binadamu vikifa havioti tena. Ajabu ndege kwao vinaota upya, sisi hatukupewa hiyo. Mi vyangu vilianza kufa karakana. Miaka zaidi ya 30 nimesimama kwenye mashine ya kuranda na msumeno wa umeme bila kuziba kitu masikioni, na kumbe kelele za desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anashauriwa asizidishe masaa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, yaani ukifika desibeli 100 ambazo msumeno wa mbao unazifikisha bila shida, ni robo saa tu kwa siku. Mi nilikuwa nakaa hapo kutwa. Jioni masikio yanalia nziii, nalala, asubuhi yamenyamaza nadhani yamepona.

(Hapa naomba nikuambie kitu, na usinikasirikie. Hizo spika zako za masikioni nazisikia hadi mimi ukiwa umekaa pembeni yangu. Punguza mama. Mlio ukikubakia baada ya kelele, hiyo ni taarifa umepewa.)

Basi nilipopimwa kihalali waliniingiza kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, wakanivalisha spika, kila nikisikia mlio nibonyeze kitufe. Kuna muda mrefu nilikaa nasubiri mlio nikadhani mashine imegoma, kumbe ilikuwa inalia. Wakaniletea karatasi, sikio la kulia ni viduara vyekundu, la kushoto alama za x za bluu, mistari yote miwili imetembea vizuri huku kwenye sauti nzito halafu ikifika huku kwenye sauti nyembamba, hezi 4000 wanavyoziita, inaporomoka. Nilivyoiona sikuhuzunika, nilipata nafuu. Nilikuwa nimeambiwa sana kwamba nasikia ninachotaka kusikia, sasa nikawa na karatasi inayoonyesha vinavyonifikia na visivyonifikia.

Nasema kihalali kwa sababu kabla ya hapo, na hili hukulijua, niliuziwa vifaa na mtu ambaye hakunipima hata kidogo, akanivalisha tu akasema utazoea. Vilikuwa vinakuza kila kitu sawasawa, sauti nzito ninazozisikia na nyembamba nisizozisikia zote juu, mlango ukifungwa naruka. Nikavitia kwenye droo vikakaa humo miezi. Sikuwa na habari kwamba mashine nzuri inapangwa kufuata ile karatasi ya vipimo vya mtu, inakuza pale palipopungua na inaacha palipo pazima. Na kitu kingine, masikio kama yangu yana ubaya wa pande mbili, sauti ndogo haiingii lakini kubwa inauma haraka kuliko kwa mtu mwenye masikio mazima, kwa hiyo ukinipigia kelele ili nisikie unaniumiza na maneno yanazidi kuvurugika. Bora uongee sauti ya kawaida, polepole kidogo, unanitazama.

Hizi za sasa siku ya kwanza nilitoka nazo nje nikasimama. Nilisikia kola ya shati langu ikisugua shingo. Nilisikia nyayo zangu mwenyewe. Mfuko wa nailoni aliokuwa ameushika mtu mbele yangu ulikuwa unapiga kelele kama moto wa majani makavu, na sauti yangu nilipoongea ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikarudi kumwambia huyu mtaalamu kuna kosa. Akaniambia hakuna kosa, ubongo wako umekaa miaka bila sauti hizi, hauna tena kumbukumbu ya kuzipuuza, utajifunza upya. Akaziweka chini kidogo ya kipimo changu, akasema tutapandisha kidogo kidogo kila ukirudi. Vaa kila siku, hata ukiwa peke yako nyumbani, anza masaa machache uongeze, wengine inachukua wiki wengine miezi.

Hapo ndo watu wengi wanaanguka. Wanadhani ni kama miwani, unavaa na unaona. Miwani inanyoosha mwanga kabla haujaingia kwenye jicho ambalo lenyewe bado zima, ila mashine hizi zinapeleka sauti kwenye sikio ambalo vinywele vyake vimekufa, hazivifufui. Zinachofanya ni kuvipa vilivyobaki nafasi ya kufanya kazi, na iliyobaki ni kazi ya kichwa. Na kichwa kinachoka mwanangu! Mtu mwenye masikio mazima anasikiliza huku anafikiria mambo yake, mi nikisikiliza siwezi kufanya kitu kingine chochote, nimekaza kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano kutwa nzima.

Sasa siku ile ya sebuleni. Nilizivaa tangu saa moja asubuhi. Mlikuwa watu kumi na kitu, televisheni imewashwa hamna anayeiangalia, vijiko, viti vinaburuzwa, watoto. Mashine zina maiki mbili mbili na zinajitahidi kushika anayeongea mbele yangu, ila kama watatu wanaongea kwa pamoja hazijui mi namtaka nani. Na umbali nao, ukikaa mbali mara mbili sauti inanifikia imepungua desibeli 6 wakati kelele za chumba ziko pale pale, kwa hiyo wewe uliyekaa kule dirishani ulikuwa kama uko nyumba ya jirani. Mpaka saa kumi kichwa kinagonga.

Hiyo ndo sababu ya kwanza. Ya pili ni hii. Mlicheka, kitu fulani kilisemwa wote mkacheka kweli kweli, hata wewe ulifuta machozi. Nikamuuliza kaka yako, amesemaje? Akanipungia mkono akasema "aah achana nayo Baba, si kitu." Nikauliza tena upande mwingine nikaambiwa ntakuambia baadaye. Hiyo baadaye haijafika mpaka leo. Sina kinyongo naye, najua hakumaanisha ubaya, kurudia kichekesho kunakiua. Lakini nataka ujue kwamba katika mambo yote ya kutosikia hakuna linaloniuma kama "si kitu". Anayeamua ni kitu au si kitu awe mimi. Zamani ningecheka nanyi bila kujua nacheka nini, nimefanya hivo miaka mingi sana, siku ile nikaona bora nizitoe nikae kimya changu kuliko kuigiza. Ndo uliponiona.

Kwa hiyo usiniulize kama zinafanya kazi, zinafanya. Nasikia kengele ya mlango. Nasikia mvua ikianza kabla sijaiona. Ukiwa nami wawili chumba kimetulia napata karibu kila neno, wewe mwenyewe umeliona hilo. Na ile habari uliyonitumia ya masikio na kupoteza kumbukumbu nimeisoma yote, nikamuuliza mtaalamu, akaniambia kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023 Marekani wa watu karibu 1,000 wa miaka 70 hadi 84 waliofuatiliwa miaka mitatu, kwa ujumla waliopewa mashine hawakuonekana tofauti na wengine, ila kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu, waliopewa mashine akili ilishuka polepole zaidi karibu nusu. Basi usilale na wasiwasi, mi nazivaa kwa sababu nataka kuongea na watu wangu, hiyo tu ingetosha.

Mambo ya matunzo yasikusumbue, nafuta kila usiku kwa kitambaa kikavu, nabadilisha kichujio kinachozuia nta ya sikio, betri nikishabandua stika naiacha dakika moja ivute hewa ndo naifunga. Ila ukija na mtoto nikumbushe niziweke juu, hizo betri ndogo mtoto akimeza ni hatari, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kama siku moja ukiamka sikio limeziba ghafla bila mafua bila chochote, wewe au mtu yeyote, usisubiri lifunguke lenyewe, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo maana dawa inategemea sana umewahi vipi.

Ninachoomba kwako si kikubwa. Ukitaka kuniambia kitu niite jina kwanza nigeuke. Usiongee ukiwa jikoni mi niko sebuleni. Ukiona sijaelewa usirudie maneno yale yale mara tatu, badilisha, sema kwa njia nyingine. Saa tisa sema saa tisa mchana, nami ntakurudishia kwa kidole ni tisa au sita. Na mkizima ile televisheni wakati wa kula mtakuwa mmenipa nusu ya mashine nyingine.

Alhamisi ya wiki ijayo narudi kupandishiwa kipimo. Hizi mashine zinaandika zenyewe nimezivaa masaa mangapi, akiziunganisha na kompyuta anaona, mara ya mwisho ilikuwa wastani wa masaa 11 kwa siku, kwa hiyo hilo la kukata tamaa unaweza kulisoma mwenyewe kwenye skrini. Ameniambia safari hii nije na mtu ambaye sauti yake inanipa taabu kuliko wote ili azipange huku mtu huyo anaongea. Akaniuliza ni nani. Sauti yako ni nyembamba mwanangu, na unaongea haraka tangu mdogo, ukifurahi ndo kabisa, inakaa pale pale mstari wangu unapoporomoka. Nimemwambia ni binti yangu. Kama kazini watakuruhusu, ni saa nne asubuhi, nne, nimemuomba aniandikie.

Baba yako